ABIRIA SI MZIGO: Dhamana ya Wenye Vyombo vya Safari Katika Kuzuia Biashara ya Watu



Katika mabasi ya kwetu kuna maneno ambayo kila mmoja wetu ameyasoma tangu utotoni, yameandikwa juu ya kioo cha dereva: abiria, chunga mzigo wako. Maana yake ni wazi. Mwenye basi amekubali kukufikisha uendako. Ama sanduku lako, hilo liko juu yako mwenyewe. Lakini ni nani amchunge abiria ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyegeuzwa mzigo? Yaani mtu aliyekatiwa tikiti na mwengine, ambaye pasi yake imo mfukoni mwa mwengine, na ambaye huko aendako bei yake imekwisha kupatanwa kabla hajafika?

Swali hili limenikaa rohoni tangu safari moja niliyoifanya miaka kadhaa iliyopita, nilipokuwa nikirejea huku Uingereza kutoka likizo ya nyumbani, kwa njia ya Ghuba. Mbele yangu katika foleni walikuwapo wasichana wanane, kila mmoja na begi dogo jipya. Pamoja nao alikuwapo bwana mmoja aliyezishika pasi zao zote, zimefungwa kwa mpira. Karani akazifungua pasi moja moja, akatazama visa, akaona kila kitu kimekamilika. Kisha akauliza swali ambalo sote huulizwa: begi hili umelifunga mwenyewe? Msichana wa mwisho alimtazama yule bwana kabla ya kufungua kinywa, na bwana ndiye aliyejibu.

Ndani ya ndege msichana huyo alikaa kiti cha pili yangu. Baada ya saa nzima ya kimya aliniuliza, "Ami, huku tuendako ndiko Maskati, au Maskati iko mbele?" Nikamweleza. Akanambia anakwenda kufanya kazi za nyumbani. Mshahara alikuwa ametajiwa, lakini mkataba hakuweza kuusoma, kwa kuwa uliandikwa kwa Kiarabu na Kiingereza. Jina la atakayemwajiri hakulijua, wala hakuwa na namba ya simu ya mtu yeyote huko. Nilimwandikia namba yangu katika kipande cha karatasi. Hakupiga.

Huenda alifikia kwa watu wema, kwani wapo wengi, na wapo mabinti zetu waliorudi kutoka Ghuba wakajenga nyumba za wazee wao. Huenda sivyo. Lakini jambo moja nina yakini nalo. Kuanzia mlango wa uwanja hadi mlango wa ndege, watu kadhaa walizikagua karatasi zake, na hakuna hata mmoja aliyemwuliza yeye mwenyewe. Aliulizwa kuhusu begi. Kuhusu safari hakuulizwa.

KUVUSHA NA KUUZA

Inafaa kwanza tuyatenganishe mambo mawili ambayo aghlabu huchanganywa. La kwanza ni kuvusha watu mipaka kwa magendo. Hapa mtu hulipa ili avushwe, na akishavuka huachana na aliyemvusha. La pili ni biashara yenyewe ya watu, inayoitwa katika sheria usafirishaji haramu wa binadamu. Hapa mtu huchukuliwa kwa nguvu, kwa vitisho, kwa hadaa au kwa kutumia udhaifu wake, ili apate kunyonywa huko aendako: katika kazi ya kulazimishwa, katika uchafu, au katika utumwa wa aina nyengine. Akiwa ni mtoto wa chini ya miaka 18, hakuna haja hata ya kuthibitisha kwamba alihadaiwa. Yatosha kwamba alichukuliwa ili anyonywe.

Tofauti hii imo katika Itifaki ya Palermo, iliyopitishwa na Umoja wa Mataifa tarehe 15 Novemba 2000 na kuanza kutumika tarehe 25 Desemba 2003. Hata hivyo, njiani mambo haya mawili hugeukana. Msafiri aliyelipa nusu ya nauli na kuahidi kulipa nusu nyengine akifika, aweza kufika akaambiwa deni limekuwa mara tatu, na kwamba atalilipa kwa jasho lake. Alitoka kwao akiwa mteja, akafika akiwa mali.

Kifungu cha 11 cha Itifaki hiyo kinawahusu wenye vyombo. Kinazitaka nchi zichukue hatua ili vyombo vya safari vya kibiashara visitumiwe katika uovu huu. Kisha kinaeleza wajibu wa msafirishaji, na wajibu uliotajwa waziwazi ni huu: ahakikishe kwamba kila abiria anazo hati zinazohitajika kuingilia nchi aendayo. Asipofanya hivyo, aadhibiwe. Hapo ndipo pana tatizo ninalotaka tulifikiri pamoja. Sheria imeanza kwa kusema juu ya mtu, ikamalizia kwa karatasi.

JAHAZI, BENDERA NA KARATASI

Jambo hili si geni kwetu sisi watu wa pwani. Mwaka 1807 Uingereza ilipopiga marufuku biashara ya watumwa kwa raia wake, iliweka faini ya pauni 100 kwa kila mtumwa, na chombo kilichohusika kilichukuliwa na serikali. Nia ilikuwa njema. Lakini wanatarehe husimulia kwamba walikuwapo manahodha ambao, walipoona manowari inawakaribia, waliwatupa watu baharini ili faini ipungue. Adhabu iliyohesabiwa kwa vichwa ilimfanya nahodha mwovu avipunguze vichwa.

Kisha tarehe 2 Julai 1890 ukatiwa saini Mkataba wa Brussels. Dola 17 zilishiriki, na Zanzibar ilikuwa mojawapo. Mkataba huo uliyahusu khasa majahazi ya bahari yetu. Nahodha alitakiwa awe na orodha ya mabaharia wake na orodha ya abiria wake Waafrika, na ofisi ya kimataifa ikawekwa Zanzibar kukusanya habari za vyombo na bendera zao. Kwa lugha ya leo tungesema kwamba msafirishaji alitwishwa dhamana.

Na nini kilitokea? Ufaransa haikukubali vyombo vyenye bendera yake vipekuliwe na manowari za wengine. Baadhi ya wenye majahazi wa Sur, kule Oman, walikuwa wamejipatia bendera na hati za Kifaransa, na chini ya bendera hizo watumwa waliweza kupitishwa wakiitwa abiria au mabaharia. Mzozo huo baina ya Uingereza na Ufaransa ulifikishwa mbele ya mahakama ya usuluhishi mjini The Hague, na hukumu iliyotoka tarehe 8 Agosti 1905 iliwekea mpaka haki ya Ufaransa ya kutoa bendera zake kwa watu wa Oman. Lakini kwa miaka mingi kabla ya hapo, karatasi iliyokusudiwa kumlinda mtu ndiyo iliyomlinda mwuzaji.

BISKUTI AMBAZO HAZIKUWA BISKUTI

Tuje sasa kwenye barabara za zama zetu. Mwezi Juni 2000, katika bandari ya Dover, maofisa walifungua lori lililodaiwa kubeba nyanya, wakakuta maiti 58 za Wachina. Wawili tu walikuwa hai. Dereva alikuwa ameliziba tundu la hewa, na mwaka uliofuata alihukumiwa miaka 14 gerezani. Mwezi Oktoba 2019, katika mkoa wa Essex, Wavietnamu 39 walikutwa wamekufa ndani ya tela lililovuka bahari kutoka Zeebrugge bila dereva. Hati za tela hilo zilisema kwamba limebeba biskuti.

Na misiba hii haikuishia Ulaya. Iko njia ambayo vijana wa Ethiopia hupitishwa kuelekea Afrika Kusini, kupitia Kenya, Tanzania, Malawi na Msumbiji. Mwezi Juni 2012 zaidi ya Waethiopia 40 waligunduliwa wamekufa katika Mkoa wa Dodoma, baada ya kukosa hewa ndani ya lori na kutupwa porini. Mwezi Machi 2020, katika mkoa wa Tete nchini Msumbiji, kontena lilifunguliwa likakutwa na maiti 64. Walionusurika walikuwa 14. Wengi wa watu hawa walikuwa wamelipa ili wavushwe. Lakini mtu aliyefungiwa ndani ya sanduku la chuma hana tena hiari, hata kama aliingia kwa miguu yake.

Ni nani aliyewabeba? Si jini. Ni dereva mwenye leseni, utingo wake, mwenye lori aliyelisajili, na mwenye yadi ambamo lori lililala. Kila mmoja wao alikuwa na nafasi ya kusikia mlio wa mkono unaogonga bati. Kwa hiyo anayesema kwamba msafirishaji hahusiki, kwamba yeye ni mwenda barabarani tu, huyo hatukubaliani naye.

FAINI HUMWANGUKIA NANI?

Uingereza imejaribu kuwabana wasafirishaji kwa muda mrefu. Sheria ya mwaka 1987 iliyatoza mashirika ya ndege na meli pauni 1,000 kwa kila abiria asiye na hati sahihi, na mwaka 1991 faini ikapandishwa hadi 2,000. Sheria ya mwaka 1999 ikaongeza madereva na wenye malori: pauni 2,000 kwa kila mtu aliyekutwa amejificha. Mwaka 2002 Mahakama ya Rufaa iliona kwamba utaratibu huo haukuwa wa haki, kwa sababu faini ilikuwa moja kwa wote bila kutazama uzito wa kosa la kila mmoja, na dereva ndiye aliyetakiwa athibitishe kwamba hana hatia. Sheria ikarekebishwa. Tangu Februari 2023 faini imeweza kufika pauni 10,000 kwa kila mtu, na dereva asiyelifunga gari lake barabara aweza kutozwa hata kama hakukutwa mtu ndani yake.

Siwaonei huruma wanaoziba matundu ya hewa. Lakini tutazame faini hizi humwangukia nani. Kwanza, humwangukia mkimbizi. Karani wa ndege anayejua kwamba shirika lake litatozwa kwa kila asiye na visa atamzuia kila asiye na visa, akiwamo anayekimbia kuuawa. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 unakiri kwamba mkimbizi aweza kuwasili bila ya hati, lakini mkataba huo hausomwi kwenye kaunta ya tikiti. Mkimbizi akinyimwa ndege, hutafuta lori.

Pili, faini hizo humkosa mwuzaji mwerevu. Wafanyabiashara wa watu wamejifunza zamani kwamba pasi halali na visa halali ni rahisi kuliko kontena. Yule msichana wa kwenye ndege angepita katika kila ukaguzi wa hati duniani. Ripoti ya shirika la Human Rights Watch ya Novemba 2017, kuhusu Watanzania wanaofanya kazi za nyumbani Oman na Umoja wa Falme za Kiarabu, ilieleza habari za wanawake walionyang'anywa pasi, wakafanyishwa kazi saa nyingi kupita kiasi na kunyimwa mishahara. Kwa wanawake wa namna hii, mlango wa ndege ndio mahali pa mwisho ambapo mtu wa nje angeweza kuwauliza neno.

KUMTAZAMA MTU

Basi wajibu wa msafirishaji uwe upi? Kwa maoni yangu, uanzie kwa mtu. Na si ndoto, kwani mwanzo wake umekwisha kuonekana. Sheria ya Marekani ya mwaka 2016 iliyataka mashirika ya ndege yawafundishe wahudumu kuzitambua dalili za biashara ya watu, na mwaka 2018 mafunzo hayo yakapanuliwa hadi kwa makarani wa kaunta. Mwaka huo huo wa 2018, jumuiya ya mashirika ya ndege duniani, IATA, ilipitisha azimio la kulaani biashara hii na kuahidi mafunzo na kutoa taarifa.

Dalili zenyewe hazihitaji elimu kubwa. Abiria hashiki hati zake mwenyewe. Anayeulizwa ni yeye, anayejibu ni mwengine. Hajui aendako wala atakayempokea. Ana hofu kwa mtu anayefuatana naye. Dalili moja si ushahidi, lakini zikikusanyika zinastahili swali, na swali hilo aulizwe peke yake na kwa lugha anayoifahamu. Mhudumu hafundishwi kujitia uaskari ndani ya ndege. Hufundishwa kumpa rubani habari, na rubani huwaarifu wakuu wa nchi kavu kabla ya kutua.

Barabarani nako yamekwisha kuonekana manufaa. Huko Marekani madereva wa malori wamekuwa wakifundishwa jambo hili tangu mwaka 2009. Januari 2015, katika jimbo la Virginia, dereva mmoja aliyepumzika katika kituo cha malori aliliona gari la kulala lenye mapazia yaliyofungwa, na uso wa msichana ukichungulia na kuvutwa ndani. Angeweza kulala usingizi wake. Alipiga simu. Polisi wakamkuta binti wa miaka 20 aliyechukuliwa kutoka jimbo la Iowa na kuteswa, na waliomteka wakafungwa zaidi ya miaka 40 kila mmoja.

Jambo la pili ni kwamba sheria imfuate anayefaidika. Tangu mwaka 2008 sheria ya Marekani inamruhusu aliyedhulumiwa kumshitaki mahakamani si mwuzaji tu, bali hata aliyechuma faida huku akijua, au alipopaswa kujua, kwamba faida hiyo inatokana na biashara ya watu. Maneno hayo, alipopaswa kujua, ndiyo yenye nguvu. Yanamwondolea mwenye kampuni udhuru wa kufumba macho. Ilinganisheni na sheria ya Uingereza ya mwaka 2015, inayozitaka kampuni zenye mapato ya pauni milioni 36 au zaidi kwa mwaka zitoe taarifa ya hatua walizochukua. Kampuni inaruhusiwa kuandika kwamba haikuchukua hatua yoyote, na ikawa imetimiza sharti.

La tatu ni kumlinda mkweli. Dereva anayesikia mlio ndani ya tela lake akajua kwamba akitoa habari atatozwa maelfu ya pauni, nafsi yake itamshawishi aongeze sauti ya redio. Sheria haina budi kumtofautisha anayeripoti na anayeficha, tena waziwazi, ili habari hiyo imfikie dereva kabla ya kuwasha gari.

TAHADHARI KWA FAMILIA ZETU

Ukaguzi wa watu nao una hatari zake, na sisi ni miongoni mwa watakaozionja. Januari 2019, katika uwanja wa ndege wa Phoenix, Bibi Cindy McCain, mjane wa Seneta John McCain, alimripoti mwanamke mmoja kwa sababu alimwona na mtoto asiyefanana naye kwa asili. Polisi walichunguza, hawakuona kosa lolote. Sasa fikirini mama zetu, ambao kwa ada ya Kiislamu hubaki na majina ya baba zao hali watoto wao wana majina ya waume. Mama anaitwa hivi, mtoto anaitwa vile, na mama amevaa hijabu. Tusikasirike tukiulizwa, lakini tujiandae: tuchukue cheti cha kuzaliwa cha mtoto na barua ya ridhaa ya mzazi asiyesafiri.

Mwisho, tujitazame sisi wenyewe, kwani msafirishaji si mwenye ndege peke yake. Anayekata tikiti ni msafirishaji. Anayeandika barua ya mwaliko ni msafirishaji. Wengi wetu tumepata kuombwa tumlete binti wa ndugu aje kusaidia watoto huku akiahidiwa skuli, au tumwunganishe jirani na wakala wa kazi za Ghuba. Tanzania ilitunga sheria ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu mwaka 2008, Oman ikatoa yake ya kwanza mwaka huo huo, na Kenya ikafuata mwaka 2010. Katika sheria za namna hii, anayeajiri, anayesafirisha na anayepokea wote huhesabiwa kuwamo katika kosa. Binti aliyeahidiwa skuli akageuzwa mtumishi asiye na mshahara wala siku ya mapumziko, hata kama mwenye nyumba ni shangazi yake, amedhulumiwa.

Kwa hiyo kabla binti yeyote hajapanda chombo kwa mkono wetu, tuhakikishe mambo haya. Pasi yake aishike mwenyewe, na nakala yake ibaki kwa wazee. Mkataba asomewe kwa Kiswahili, neno kwa neno. Jina, anuani na simu ya mwajiri zijulikane nyumbani. Awe na namba ya ubalozi wa nchi yake, na simu ambayo hataombwa aikabidhi. Na pawe na neno walilopatana na mama yake, ambalo akilitaja katika mazungumzo mama atajua kwamba hayuko salama.

Na tukimwona safarini mtu wa kututia shaka, tusimkabili anayefuatana naye, kwani huenda tukamzidishia madhara. Tumwambie mhudumu, mmoja kwa mmoja, kwa sauti ya chini, tumtajie namba ya kiti na tuliyoyaona. Pakiwa na hatari ya papo hapo, hapa Uingereza tupige 999, na ndugu zetu wa Marekani wapige 911.

Katika mafunzo ya dini yetu, anayemwuza mtu huru akala thamani yake ametajwa miongoni mwa wale ambao Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa khasimu wao Siku ya Kiyama. Basi na aliyembeba mtu huyo, akapokea nauli, akageuza uso, atajibu nini? Mimi sikuwa mwenye ndege siku ile. Nilikuwa abiria tu. Lakini mhudumu alipita mara nne karibu yetu na kigari chake cha vinywaji, nami mara zote nne nilimwomba maji, nikanyamaza. Leo ningemwomba neno.

Mwenyezi Mungu awahifadhi wasafiri wetu, na atujaalie kuwa wenye kuuliza. Amin.